Jinsi ya kuchagua chuo cha uandishi wa habari Tanzania na kuomba nafasi

Kabla ya kuuliza chuo kipi kina majengo mazuri au kipi kimetoa watangazaji maarufu, anza na sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati, na anayeitoa ni Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ile inayojulikana zaidi kama JAB. Kanuni za mwaka 2017 zikaweka kiwango cha chini cha elimu kuwa stashahada ya uandishi wa habari au ya fani inayohusiana nayo. Astashahada peke yake, basi, haikupi kitambulisho cha uandishi wa habari cha bodi hiyo. Wapo vijana wanaolipa ada ya mwaka mmoja, wanavishwa joho, wanapiga picha na familia, halafu wanagundua kwamba bado wako nusu ya safari. Chuo unachokitafuta ni kile kitakachokufikisha kwenye stashahada inayotambulika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Matokeo yako yanakuruhusu kuingilia wapi

Aliyemaliza kidato cha nne anahitaji angalau D katika masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Angalia vizuri hapo: ukiwa na D nne lakini moja ni ya somo la dini, hujatimiza. Vyuo vingine huongeza sharti la kufaulu Kiswahili au Kiingereza. Mwenye sifa huanza ngazi ya 4 ya NTA (mfumo wa kitaifa wa tuzo za elimu ya ufundi), yaani astashahada ya awali, kwa mwaka mmoja. Kisha huendelea ngazi ya 5 na ya 6, ambazo kwa pamoja ni miaka miwili na mwisho wake ndio stashahada. Ukijumlisha ni miaka mitatu, na bajeti ya nyumbani ipangwe kwa miaka mitatu tangu mwanzo.

Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na prinsipo moja (ufaulu wa A hadi E) na sabsidiari moja (ufaulu wa S) kwa kawaida huingia moja kwa moja kwenye stashahada ya miaka miwili. Akiwa na prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 au zaidi (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), anaweza kuomba shahada, ila asome pia masharti ya chuo husika. Mwenye stashahada naye huomba shahada akiwa na GPA (wastani wa alama zake za chuo) isiyopungua 3.0.

Jambo la fedha lisemwe mapema: mwanafunzi wa shahada anaweza kuomba mkopo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwenye stashahada mikopo imeelekezwa kwenye fani chache za kipaumbele, kwa hiyo anayekwenda kusomea habari ngazi hiyo asipange ada kwa kuutegemea.

Hakiki chuo, kisha hakiki kozi

Vyuo vya astashahada na stashahada vinasimamiwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kila moja hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kwa kila mwaka wa masomo, na unakipata bure kwenye tovuti yake. Kipakue mwenyewe. Usiridhike na ukurasa mmoja uliopigwa picha na kusambazwa WhatsApp, kwa sababu huwezi kujua ni wa mwaka gani.

Ukishalipata jina la chuo, usifunge kitabu. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapoumia. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, kozi kuwa na kibali ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali kwa kozi za hoteli au biashara, kisha kikatangaza uandishi wa habari wakati kozi hiyo haijaidhinishwa. Tafuta jina la kozi yenyewe, utazame imeidhinishwa kwa ngazi zipi. Ikiwa imefika ngazi ya 5 tu, uliza kwa maandishi ngazi ya 6 utaisomea wapi. Kitabu hicho hicho kinaonyesha sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na ada. Ada unayotajiwa kwa simu ikipishana na iliyoandikwa, omba mchanganuo kamili: ada, mitihani, bima ya afya, sare, fildi (mafunzo kwa vitendo kazini), michango.

Kwa shahada, kuna Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma (SJMC) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye mizizi katika Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilichoanza mwaka 1975 na kuunganishwa na chuo kikuu hicho mwaka 2003. Kuna pia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Mwanza. Vyote viwili vina redio, na hilo nalipa uzito mkubwa kuliko ukubwa wa maktaba. Mwanafunzi anayesoma taarifa inayosikika mtaani hujifunza uangalifu ambao darasani haufundishiki.

Nenda ukakione

Fika siku ya masomo. Omba kuona studio, na usitosheke kuiona imefungwa kufuli. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisa wa udahili, wanaingia studio mara ngapi kwa wiki, kamera ziko ngapi kwa darasa zima, na habari zao wanazichapisha au kuzirusha wapi. Uliza walimu wangapi wamewahi kufanya kazi chumba cha habari. Uliza nani hutafuta nafasi ya fildi: kama kila mwanafunzi anapewa barua na kuambiwa ajitafutie, wewe usiye na ndugu katika vyombo vya habari utahangaika sana. Kwa maoni yangu, swali la fildi ndilo linaloonyesha ukweli wa chuo kuliko yote.

Kama huwezi kusafiri, mtafute mhitimu wa chuo hicho aliyeko kazini, umuulize hayo hayo.

Kuomba

Dirisha kuu la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka kwa masomo yanayoanza kati ya Septemba na Novemba. Vyuo vingine hupokea pia wanafunzi mwezi Machi. Kwa uandishi wa habari unaomba moja kwa moja chuoni, mara nyingi kwa mfumo wa mtandaoni wa chuo chenyewe. Andaa cheti cha kuzaliwa, cheti au matokeo ya kidato cha nne (na cha sita kama unacho), namba ya mtihani pamoja na mwaka, picha ndogo, namba ya NIDA kama umeshaipata, simu na barua pepe unazozitumia kweli. Aliyesoma nje ya mtaala wa Tanzania apeleke kwanza vyeti vyake Baraza la Mitihani (NECTA) kupata ulinganifu, na aanze mapema.

Majina yafanane kwenye nyaraka zote. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne ishughulikiwe sasa, ikibidi kwa hati ya kiapo.

Ada ya maombi ilipwe kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo, kamwe isiende kwenye simu ya mtu binafsi hata akijitambulisha kuwa ofisa udahili. Tunza risiti. Omba zaidi ya chuo kimoja. Ukichaguliwa shahada katika vyuo viwili au zaidi, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa na TCU.

Baada ya kupokelewa

Barua ya kupokelewa na fomu za kujiunga si mwisho. Chuo cha stashahada kinapaswa kupeleka majina ya waliodahiliwa NACTVET ili yahakikiwe. Ingia kwenye tovuti ya baraza hilo, sehemu ya uhakiki wa taarifa za mwanafunzi, uone kama jina lako lipo, kozi ni sahihi na ngazi ni sahihi. Fanya hivyo katika muhula wa kwanza. Likikosekana, nenda kwa ofisa udahili na barua ya madai, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kukiwa kimya, wasilisha suala NACTVET, ambayo ina ofisi za kanda pia. Rudia ukaguzi huo kila unapopanda ngazi, kwa sababu ukihitimu na kutaka kwenda shahada utahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET kwa kutumia kumbukumbu hizo hizo.