Delhi ya zamani kwa siku moja, angalia kalenda kwanza

Kama uko Delhi, labda umempeleka mgonjwa au umefuata mzigo, na una siku moja tu ya kuzurura, usiende Jumatatu maana ngome ya Red Fort inafungwa siku hiyo, na Jumapili nayo maduka mengi ya soko la Chandni Chowk hayafunguliwi. Anza na ngome asubuhi kabla jua halijachachamaa, ni ile ya mawe mekundu aliyojenga mfalme Shah Jahan ikakamilika 1648, ukitoka unavuka barabara tu uko sokoni. Mchana magari hayaruhusiwi pale barabara kuu so ni miguu au riksho ya baiskeli, patana bei KABLA hujapanda na useme kabisa ni ya wote sio kwa kichwa, mi nilijifanya mjanja nikalipa mara mbili 😅. Lesi na shanga za nguo ziko Kinari Bazaar. Viungo nenda Khari Baoli, vumbi la pilipili huko linakupalia unapiga chafya mpaka machozi, beba leso. Iliki pasua moja, mbegu ziwe nyeusi na zinate kidogo, zikiwa kavu za kahawia hama duka. Msikiti wa Jama Masjid nenda na soksi, viatu unavua na yale mawe mchana yanaunguza balaa.