Jinsi ya kupika upma isiyo na madonge

Kila ninapomwelekeza mtu kupika upma, malalamiko ni yale yale: "Imetoka madonge." Upma ni chakula cha asubuhi cha kusini mwa India, semolina (ngano iliyosagwa chenga chenga) iliyopikwa kwa viungo na chumvi, si chakula cha sukari. Ukijua pa kuwa makini, ni kazi ya dakika 20 hivi.

Kwa watu wawili: semolina kikombe 1, maji vikombe 2 na nusu, mafuta vijiko vikubwa 2, haradali nzima kijiko cha chai 1, dengu zilizomenywa na kupasuliwa kijiko kikubwa 1, majani ya mchuzi (curry leaves) kama 8, kitunguu maji 1, pilipili mbichi 2, kipande cha tangawizi, chumvi, samli, kotmiri na ndimu. Korosho ukiwa nazo.

Chukua semolina yenye chembe zinazoonekana, ile Wahindi wanayoiita rava. Iliyo laini kama unga iache kwa mapishi mengine, kwenye upma hugeuka uji.

Hatua ya 1. Kaanga semolina bila mafuta, moto mdogo, dakika 5 hadi 7, ukigeuza muda wote. Usingoje ibadilike rangi. Ikianza kunukia na chembe zikateleza kwenye mwiko kama mchanga mkavu, imwage kwenye sahani papo hapo, maana sufuria yenye moto itaendelea kuiunguza.

Hatua ya 2. Pasha mafuta, tia haradali. Zikianza kupasuka tia dengu na korosho, zikipata rangi ya dhahabu tia majani ya mchuzi (yakaushe kwanza, la sivyo mafuta yatakurukia), kisha tangawizi, pilipili na kitunguu. Kitunguu kilainike tu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo upma inapoharibika. Mimina maji na chumvi juu ya viungo, uonje: maji yawe na chumvi kuzidi kidogo unavyopenda, kwa sababu semolina itaimeza. Sasa subiri. Mapovu machache pembeni hayatoshi, maji yatokote kwa nguvu sufuria nzima. Semolina ikianguka kwa fungu, wanga wa nje huiva na kunata huku ndani kukibaki kukavu, na hilo ndilo donge. Maji yanayotokota huzitawanya chembe kabla hazijashikana.

Punguza moto kidogo, lakini maji yasiache kuchemka. Mkono mmoja unyunyize semolina kidogo kidogo, mwingine ukoroge bila kusimama. Kama huwezi yote mawili, mwite mtu akunyunyizie. Mimi hutumia mwiko wa mbao wenye ncha bapa na sufuria nzito, sufuria nyembamba hushika chini kabla juu hakujaiva. Wapo wanaomimina maji ya moto juu ya semolina ikiwa sufuriani. Inawezekana, ila mvuke huruka ghafla na kuunguza mkono, kwa hiyo simfundishi anayeanza.

Donge likitokea, liponde ukutani mwa sufuria wakati bado laini. Usiongeze maji baridi kamwe. Weka birika la maji ya moto karibu: semolina hazilingani, nyingine hutaka hata vikombe 3, hasa ukipenda upma laini.

Hatua ya 4. Funika, moto mdogo kabisa, dakika 3. Zima, iache imefunikwa dakika 5. Changanya samli na kotmiri, kamulia ndimu.

Kitoweo chake ni chatine ya nazi. Kule Bangalore hutiwa bizari na mboga, ikaitwa khara bath, na mara nyingi huwekwa sahani moja na kesari bath, semolina tamu ya zafarani. Upma yako uile ikiwa moto, kwa sababu ikipoa hukakamaa. Kuipasha, nyunyizia vijiko 2 vya maji ya moto, funika, na uiache kwenye moto mdogo mpaka ilainike.