Unyayo unaobapa ukubwani
Unyayo bapa (usio na upinde, yaani uwazi wa katikati chini ya wayo) usiouma hauhitaji tiba. Lakini mguu mmoja ukianza kubapa ukubwani na kuuma chini ya kifundo upande wa ndani, mara nyingi kano inayoshikilia upinde imechoka. Jipime: shika ukuta, simama kwa mguu huo peke yake, inua kisigino. Ukishindwa, au kisigino kikibaki kimelalia nje, ndiyo hiyo.

Acha ndala. Vaa raba ya kisigino kigumu, yenye soli ya ndani iliyoinuka kwenye upinde. Nyoosha kigimbi sekunde 30 mara 3, asubuhi na jioni. Kikikaza huzidi kubapaza wayo. Sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) kwenye kano hiyo iogope, yaweza kuikata. Muone daktari wa mifupa kabla viungo havijakakamaa.