Kumrekodi baba mkwe aliyerusha helikopta Vietnam

Usianze na vita. Baba mkwe wangu, Mmarekani aliyerusha helikopta ya jeshi aina ya Huey, ukimuuliza vita anasema "ilikuwa kazi tu," basi. Nilipomfungulia albamu ya chuo, yenye picha za bweni na lile gari lake bovu, aliongea mpaka kahawa ikapoa. Mwenyewe, katika maongezi, akafika kambi ya jeshi ya Fort Wolters, Texas, alikojifunzia kurusha.

Simu iweke karibu naye, zima feni na televisheni. Uliza vya kushikika: mkono wa kushoto ulishika nini? Hapo mzee aliinua wenzo usiokuwepo, helikopta ikapaa pale sebuleni! Akinyamaza, nawe nyamaza. Tarehe usimsahihishe, utazikuta kwenye daftari lake la urushaji.

Picha zikiwa nyingi, anza na majina ya waliomo, maana wengine anawajua yeye peke yake. Andika nyuma kwa penseli laini, si kwa wino. Skani, kisha nakala moja ikae nyumba nyingine.

Maktaba ya Bunge la Marekani, kupitia Veterans History Project, mradi wa kuhifadhi kumbukumbu za askari wa zamani, hupokea mahojiano ya kuanzia dakika 30. Rekodi usiikatekate, hata kikohozi kiache.