Somo: Namna ya Kumhudumia Ndama Anayehara Malishoni

Ndama anapoanza kuhara, wengi wetu hukimbilia dawa ya kufunga tumbo, ilhali kinachomuua mara nyingi ni kupungukiwa maji na chumvi za mwili, hali inayoweza kumwangusha ndama mchanga ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni kuhusu maji.

Hatua ya kwanza: mfungue kamba na umtoe juani. Hapa Unguja na Pemba ng'ombe wengi hufungwa chini ya minazi au mabondeni baada ya mpunga kuvunwa, na ndama hubaki karibu na mama yake kutwa nzima. Mpeleke kivulini, pahala pakavu, mbali na ndama wenzake. Baadhi ya vijidudu vinavyomharisha, kama salmonela, humpata binadamu pia. Osha mikono kwa sabuni na usiwaruhusu watoto kumchezea.

Hatua ya pili: pima upungufu wa maji. Ivute ngozi ya shingo kwa vidole viwili kisha uiachie. Ikirudi papo hapo, hali bado ni nzuri. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, na macho yakaonekana yametumbukia ndani, ameshapoteza maji mengi. Mtie kidole safi mdomoni: ndama mwenye nguvu hukinyonya, na yule ambaye mdomo wake ni wa baridi na hanyonyi yumo hatarini. Ukiwa na kipimajoto, joto la kawaida la ndama ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 za Selsiasi.

Hatua ya tatu: mpe maji yenye chumvi na sukari. Dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya ndama ndiyo bora, kwa kuwa huondoa pia asidi inayozidi katika damu. Ikikosekana, tumia pakiti za ORS za watu (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), au changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi yawe vuguvugu. Ndama wa kienyeji mwenye kilo 25 apewe takriban lita 1 kila mara, mara nne kwa siku, kwa chupa yenye chuchu. Kichwa kisiinuliwe kupita usawa wa mgongo. Asiyeweza kunyonya asimiminiwe kwa nguvu, kwani maji yataingia mapafuni. Huyo anahitaji maji ya mshipa kutoka kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya nne: usimkatize maziwa. Ndama hana akiba kubwa ya mwilini, na akinyimwa maziwa hudhoofika kwa njaa juu ya maradhi. Aendelee kunyonya kidogo kidogo, ila maji ya dawa yapishane na maziwa kwa saa mbili hivi.

Hatua ya tano: mwite daktari wa mifugo bila kusubiri kesho endapo kinyesi kina damu, joto limepita nyuzi 39.5, ndama hawezi kusimama, au matezi yaliyo chini ya masikio yamevimba. Dalili hiyo ya mwisho yaweza kuwa ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ambao tiba yake ni nyingine kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali (Chake Chake): Mwalimu, huku madafu ni mengi. Je, maji ya dafu yanatosha?

Jibu: Yana potasiamu nyingi, nayo ndama anayehara huipoteza, lakini sodiamu yake ni ndogo. Yatumie kumsaidia wakati unatafuta ORS, yasiwe badala yake.

Swali (Makunduchi): Mzee wangu humpa vidonge vya tetrasaiklini vya watu kila ndama anapohara. Vina madhara?

Jibu: Mwambie mzee kwa heshima kwamba kuhara kwingi kwa ndama wachanga husababishwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haiviui, na huku inaua vijidudu vyema vya tumboni. Viuavijasumu kama hiyo tetrasaiklini vina nafasi yake pale penye homa au damu, kwa kipimo cha daktari.

Swali (Micheweni): Wangu ana miezi minne, hahari sana lakini tumbo limetuna, manyoya yamesimama, na hali huwa mbaya zaidi masika. Ni nini?

Jibu: Dalili hizo zinaelekea kwenye minyoo. Mvua huwasaidia viluwiluwi vya minyoo kupanda kwenye majani, hivyo ndama anayelishwa palipolishwa ng'ombe wakubwa huvimeza viluwiluwi hivyo kila siku. Mpime uzito kabla ya kumpa dawa, kwa sababu dozi pungufu huwaacha minyoo hai na huwazoesha dawa. Kisha hamisha kigingi chake: ndama atangulie kwenye majani mapya, wakubwa wamfuate, na asifungwe mapema asubuhi umande ukiwa haujakauka.