Somo: Kujua ni ndege zipi na watu gani waliruka shambulio moja la anga (mfano wa Nuremberg, 1944)

Wengi wanaoanza utafiti huu huanzia kwa waliokufa, kwa sababu majina yao yamechongwa kwenye mawe na yanapatikana mtandaoni. Ukifanya hivyo kwa shambulio la Nuremberg, usiku wa kuamkia 31 Machi 1944, utaishia kwenye ndege 95 zilizopotea. Zilizotumwa na Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, zilikuwa 795. Watu wa zile 700 zilizobaki wamo kwenye madaftari ya skwadroni (vikosi vya ndege), na wengi wao huwakuti penginepo. Ndiyo maana tunaanzia huko, na orodha za vifo tunaziacha zije baadaye kama kipimo.

Hatua ya 1. Shika usiku, usishike tarehe

Waingereza huandika 30/31 Machi, nasi tuna namna yetu nzuri zaidi: usiku wa kuamkia tarehe 31. Ndege ziliondoka tarehe 30 kabla ya saa sita usiku, mabomu yakaanza kuanguka tarehe 31. Karani mmoja ataandika safari chini ya 30, mwingine chini ya 31. Tafuta zote mbili.

Saa ziandike kama zilivyo kwenye fomu za madaftari hayo. 01.05 ibaki 01.05; ukiigeuza kuwa "saa 7:05" ndani ya jedwali, baada ya mwezi hutakumbuka kama ni saba yetu au yao. Ukilinganisha na nyaraka za Kijerumani, angalia kwanza saa za nchi hizo mbili. Usiku wa Nuremberg zilikuwa sawa. Usiku wa Peenemünde, shambulio jingine la Waingereza huko Ujerumani, kuamkia 18 Agosti 1943, Ujerumani ilikuwa mbele kwa saa moja, kwa sababu Uingereza ilikuwa imeshafuta saa yake ya ziada ya kiangazi siku chache kabla. Mtu asiyejua hili atadhani ndege ilitunguliwa saa nzima baada ya kuanguka.

Hatua ya 2. Orodhesha skwadroni

Kwa Nuremberg zilikuwa ndege za aina tatu, Lancaster 572, Halifax 214 na Mosquito 9, kutoka Makundi ya 1, 3, 4, 5, 6 na 8 (kila Kundi ni mkusanyo wa skwadroni). Ni zaidi ya skwadroni 40. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, kumbukumbu za makundi ziko chini ya alama ya faili AIR 25, na za kamandi yenyewe chini ya AIR 24 na AIR 14. Humo utapata hesabu za jumla, ambazo utazihitaji kwenye hatua ya 5.

Mtego: usiku huohuo Halifax 49 zilipelekwa kutega mabomu ya baharini eneo la Heligoland, na Mosquito nyingine zilikwenda Aachen, Cologne na Kassel kuwazuga Wajerumani. Ukihesabu kila ndege iliyoruka usiku ule, jumla itakuzidi na hutajua kwa nini.

Hatua ya 3. Pakua fomu sahihi

Madaftari ya skwadroni yako chini ya AIR 27. Tafuta kwa namba ya skwadroni pamoja na mwezi na mwaka. Kila mwezi una faili mbili, na hapa ndipo watu hupoteza hela. Fomu 540 ni muhtasari: hali ya hewa, wageni waliotembelea kituo, "ndege 15 zimeruka". Majina ya watu yako kwenye Fomu 541, inayotaja aina na namba ya ndege, watu wake, kazi waliyotumwa, saa ya kuruka, saa ya kutua na maelezo mafupi. Katika orodha ya Kew, faili unayoitaka ni ile iliyoandikwa *Records of Events*. Ile ya *Summary of Events* ndiyo 540.

Kwa skwadroni za Kanada (Kundi la 6) usiharakishe kulipa. Madaftari yao yamewekwa bure mtandaoni kwenye mkusanyo wa Héritage wa tovuti ya Canadiana. Za Australia, kama ya 460, 463 na 467, zitafute Australian War Memorial, jumba la kumbukumbu ya vita la Australia, chini ya AWM64.

Hatua ya 4. Jedwali

Mstari mmoja kwa ndege moja. Safu: skwadroni, kituo, namba ya ndege, herufi zake za ubavuni, rubani, kisha kila mtu na kazi yake (mhandisi, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, wapiga bunduki wa juu na wa mkiani), saa ya kuruka, saa ya kutua, maelezo, na faili ulikoyatoa.

Nanga yako ni namba ya ndege, yaani herufi mbili na tarakimu tatu, au kwa ndege za zamani kidogo herufi moja na tarakimu nne. Hiyo haibadiliki tangu kiwandani mpaka ndege ife. Herufi za ubavuni hubadilika. Lancaster R5868 ilikuwa OL-Q ikiwa skwadroni ya 83, ikaja kuwa PO-S ilipohamia ya 467. Na ndege "E" ikipotea leo, nyingine itapakwa "E" baada ya siku chache. Mfano wa kukuchanganya kabisa ni Halifax ya rubani Cyril Barton wa skwadroni ya 578: namba LK797, ubavuni LK-E. LK ya kwanza ni ya usajili, ya pili ni ya skwadroni, na kufanana kwake ni bahati tu.

Makosa ya makarani ni mengi: 3 na 8, JA na JB, NB na ND. Aidha ndege ikiharibika dakika za mwisho, watu huhamia nyingine, lakini fomu inaweza kubaki na ile iliyopangwa mchana. Kosa ukiliona, usilisahihishe juu kwa juu. Acha yaliyoandikwa, fungua safu ya pili ya "inavyoelekea kuwa" na utaje sababu.

Hatua ya 5. Pima

Jumlisha ndege zilizoruka, na zilizogeuka njiani zikiwemo, maana 795 ni idadi ya zilizotumwa. Kisha linganisha na zilizopotea, ukitumia hifadhidata ya International Bomber Command Centre ya Lincoln na ile ya tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola (CWGC). Hapo kuna neno la kuangaliwa: "hazikurudi" ni tofauti na "ziliharibika". Zile 95 (Lancaster 64, Halifax 31) ni ambazo hazikurudi. Nyingine zilifika Uingereza zikavunjikia huko. LK797 ilianguka Ryhope, pwani ya Durham. Barton akafa, wenzake watatu waliokuwa bado ndani wakapona, na watatu waliokwisha kuruka kwa parachuti Ujerumani wakawa mateka. Timu moja, hatima tatu, nyaraka tatu tofauti.

Usiamini lengo lililotajwa kwenye fomu peke yake. Utabiri wa upepo ulikosea usiku ule, na ndege zipatazo 120 zilidondosha mabomu Schweinfurt zikidhani ni Nuremberg. Fomu zao nyingi bado zinasema Nuremberg, kwa kuwa ndivyo wenyewe walivyoamini waliporudi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina picha ya kaburi lililoko Durnbach, Bavaria. Je, ndege ilianguka hapo karibu?

Jibu: Marahaba. La, usilichukulie hivyo. Baada ya vita timu za Uingereza zilizotafuta waliopotea zilifukua miili kwenye makaburi ya vijiji na kuikusanya kwenye makaburi makubwa, Durnbach likiwa mojawapo. Omba au tafuta nyaraka za CWGC za mazishi hayo, kwani mara nyingi hutaja kijiji alikozikwa kwanza. Kijiji hicho ndicho cha kuanzia.

Swali: Kaka, Lancaster si watu saba? Mimi ninahesabu wanane.

Jibu: Sababu ni mbili za kawaida. Rubani mgeni alipandishwa na timu yenye uzoefu ili aone vita kabla ya kuongoza watu wake, na huandikwa kama rubani wa pili. Au ni skwadroni ya 101 ya Ludford Magna, ambayo ndege zake zilibeba mtu wa nane anayejua Kijerumani, kazi yake kuvuruga redio za adui. Huyo wa skwadroni ya 101 fomu haielezi waziwazi kazi yake.

Swali: Kwenye Fomu 541 saa ya kutua imeachwa wazi. Ina maana walikufa?

Jibu: Ina maana karani hakuwa na habari zao siku ile. Hukohuko Kew, tafuta mateka kwenye WO 416 (kadi za Kijerumani) na WO 344 (fomu za waliokombolewa), na waliotoroka kwenye WO 208. Ndege iliyotua kituo kingine nayo huachwa wazi wakati mwingine, hivyo soma pia kurasa za siku mbili zinazofuata.

Swali: Mimi nafuatilia B-24, ndege za mabomu za Marekani, shambulio la Ploiești, Romania, 1 Agosti 1943. Hatua ni hizihizi?

Jibu: Mpangilio ni uleule, karatasi ni nyingine, dada. Kwa kawaida ndege iliyopotea iliandikiwa ripoti ya wanaanga waliopotea, iitwayo MACR; sasa ziko hifadhi ya taifa ya Marekani. Ndani yake utakuta timu nzima, namba ya ndege na mara nyingi namba za injini na bunduki, ambazo husaidia sana mabaki yakipatikana. Waliorudi wamo kwenye faili za safari za kila kundi la ndege za mabomu. Angalia jambo moja: namba za ndege za Marekani huanza na mwaka wa bajeti, na mkiani hupakwa bila tarakimu ya kwanza ya mwaka. 42-40664 mkiani itasomeka 240664.