Mtambo wa kupikia bia nyumbani unapogoma katikati ya upishi

Mtambo wa kupikia bia nyumbani unaoloweka kimea, kukichuja na kuchemsha maji yake ndani ya pipa moja la chuma cha pua una koili chini, kihisi joto, pampu ndogo na kikapu cha kuinulia kimea. Kwa kuwa vyote vinategemeana, hitilafu ya kimoja hujitokeza kwa sura ya kingine, na ndiyo maana watu hununua koili mpya wakati kilichohitajika ni mwiko wa mbao.

Tatizo linalotesa zaidi ni hili: mtambo unapasha vizuri wakati wa kuloweka, lakini unapokaribia kuchemka joto linaanza kushuka taratibu, ingawa kioo bado kinawaka. Chini ya pipa kuna swichi ya usalama inayokata umeme wa koili pale kitako kinapopata moto kupita kiasi, na mara nyingi chanzo cha moto huo ni unga wa kimea uliopenya kwenye chujio, ukatua juu ya koili na kugeuka ukoko unaozuia joto lisipande kwenye maji. Mtambo wangu ulinizimia hivyo mara mbili, na fundi niliyempelekea alinishauri ninunue koili nyingine. Nilipoukagua mwenyewe nikakuta duara jeusi, nene kama ganda la yai, limefuata mzunguko wa koili sawasawa.

Yakikukuta, chomoa plagi, hamishia maji ya kimea kwenye chombo kingine, acha pipa lipoe, ondoa ukoko, kisha bonyeza kitufe cha kurejesha swichi, ambacho katika mitambo mingi kiko chini ya kitako. Usiinamishe kamwe pipa lenye maji ya moto ili kukifikia. Ukoko hulainika ukilowekwa kwa maji ya moto yenye magadi, kisha husuguliwa kwa sponji, kwani waya wa chuma hukwaruza na dawa zenye klorini hula chuma cha pua. Kinga yake ni rahisi: ukishainua kikapu, na kabla ya kuongeza moto, pitisha mwiko wa mbao kwenye kitako mpaka usihisi tena utelezi wa unga.

Mtambo usiozima lakini haufiki nyuzijoto 100 huenda hauna ubovu wowote. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo kifaa kilichowekwa kisubiri 100 kitasubiri bila mwisho na saa ya kuchemsha haitaanza kuhesabu. Kiweke kwenye 93, au uanzishe saa mwenyewe unapoona maji yanatokota. Dar es Salaam kisingizio hicho hakipo, na hapo shuku umeme mdogo. Koili ya wati 2,000 kwa volti 230 hutoa takriban wati 1,500 tu volti zikishuka hadi 200, hivyo kupandisha lita 25 kutoka nyuzijoto 65 hadi 95, kazi ya dakika 26 hivi, huchukua karibu 35, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba huongeza tatizo hilo, na ukiishika ikawa ya moto, iondoe mara moja.

Kimea kikiziba, maji hujaa juu ya kikapu huku chini kukikauka na koili ikibaki wazi. Zima pampu na koili kwanza, korogea mwiko kutoka chini, subiri dakika kumi, kisha washa pampu kwa koki iliyofunguliwa kidogo. Safari ijayo kimea kipaazwe, kisisagwe: ganda libaki karibu zima, na chenga ziwe ndani yake. Anayechanganya mtama, ambao hauna ganda la kuchujia, aongeze konzi kadhaa za maganda ya mpunga yaliyooshwa. Hapa kwetu hayana gharama.

Pampu inayovuma bila kusukuma maji kwa kawaida imenasa hewa au mabaki ya hopsi, yaani maua yanayotia bia uchungu. Izime nusu dakika ili viputo vipande, uiwashe tena. Isipokubali, mimina maji kwenye mpira wake kwa kurudi nyuma.

Kuhusu kipimo cha joto, kumbuka kwamba kihisi kiko kwenye kitako, hivyo katikati ya kimea panaweza kuwa nyuma kwa nyuzijoto kadhaa. Koroga, pima kwa kipimajoto cha mkononi katikati ya kikapu, na ufuate kipimo hicho. Ukiwa bado na shaka, jaza maji matupu na urudie hatua zote: ikiwa mtambo unafika na kudumu kwenye joto uliloweka, tatizo liko kwenye kimea.